Vinu Viwili vya Kahawa na Bega la Mama Kapinga

Baada ya miaka ishirini na miwili ya kazi, Mama Kapinga Tshilombo, mpika kahawa wa karakana yetu ya malori hapa Kolwezi, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Machi 2025. Nimeombwa niandike maneno haya ya programu ya kumuaga kwa sababu, wanavyosema, hakuna aliyekunywa kahawa yake nyingi kunishinda. Sikatai.

Mama Kapinga alianza kwetu kama mfagiaji. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini, na Mama akazaliwa Dilala, hapa hapa Kolwezi, katika nyumba za zamani za kampuni. Huko huko Dilala ndiko anakorudi sasa kufungua kibanda cha kahawa, karibu na wanapoegesha vijana wa pikipiki za taximoto. Ana wajukuu anaowalea, na kibanda hicho ndicho kitakachowalisha.

Kwa hiyo suala la zawadi halikuwa la mchezo. Hapa karakana mstaafu huchagua chombo kimoja cha kazi yake akaondoka nacho. Mchomeleaji wetu aliondoka na kofia yake ya kuchomelea, na dereva mmoja wa barabara ya Fungurume akabeba jeki. Mama Kapinga alikuwa na vinu viwili vya kusagia kahawa, na kila mtu hapa alikuwa na lake la kusema kuhusu vinu hivyo.

Cha kwanza ni cha mkono. Fundi mmoja Mwitaliano alikiacha pamoja na mashine ya espreso mkataba wake ulipokwisha. Kabla ya hapo tulikunywa kahawa ya kopo na hatukujua kwamba tunateseka. Siku za mwanzo Mama alisaga chengachenga kama chakula cha kuku, maji yakapita mbio, tukanywa kitu kama maji ya kusuuzia vikombe. Akakaza parafujo. Sasa unga ukawa laini mno, mashine ikabanwa, kahawa ikatoka tone kwa tone, chungu kama kwinini. Alikaza na kulegeza mpaka siku mkuu wa karakana alipoomba kikombe cha pili kabla hajamaliza cha kwanza. Siku ile mtu mwingine alipewa ufagio wake, naye akabaki na kahawa.

Cha pili ni kile kikubwa cha umeme, cha aina wanayotumia mahotelini. Nilikiunganisha mwenyewe, mimi fundi umeme, kwa hiyo msinitegemee kuwa mwamuzi wa haki. Foleni yote ya zamu ya asubuhi kinaihudumia bila mtu kununa. Kwa kinu cha mkono, waliosimama mwisho walikuwa wakienda kazini na miayo yao.

Mpinzani wangu mkubwa alikuwa Tata Ntambwe, mzee wetu mkuu wa ghala. Yeye alishikilia kwamba kinu cha umeme kikifanya kazi mfululizo kinapata joto na kuipunguzia kahawa harufu, na kwamba unga wa jana hubaki kooni mwa kinu ukaharibu kikombe cha kwanza cha leo. Kwake kahawa halisi ilikuwa moja tu. Alikuwa akisema, “Ile ya mukono njo kahawa. Ile ingine ni kelele tu.” Na kelele kweli kinapiga.

Kabla ya Noeli, Mama Laure wa ofisi ya wafanyakazi alichoka kutusikiliza. Akatupangia vikombe visivyo na alama, tuonje na kuchagua. Kinu cha mkono kilishinda. Hata mimi nilikichagua bila kujua, na Tata Ntambwe hajaacha kunikumbusha mpaka leo.

Basi hakuna aliyekuwa na shaka Mama ataondoka na kipi. Tata Ntambwe alianza kukiaga kinu chake kipenzi kwa sura ya mfiwa. Mimi nilifurahi kimyakimya kwamba cha umeme kitabaki kwetu.

Wiki mbili zilizopita Mama Laure alimwuliza rasmi, mbele yetu sote. Mama Kapinga alifuta mikono kwenye kitenge chake, akajibu bila haraka: “Mi nabeba ile ya courant. Bega yangu imechoka. Ile ingine mutasaga benyewe.”

Mtu akamkumbusha kwamba hiyo courant, yaani umeme, hukatika huko Dilala. Akasema umeme ukikatika hata mashine ya espreso aliyojinunulia kwa kibanda chake inalala, kwa hiyo kinu cha mkono kingemsaidia nini. Siku hiyo atauza chai ya jiko la makaa.

Tulikuwa tumelinganisha harufu, ladha, joto na kelele, na hakuna hata mmoja aliyeuliza habari za mkono unaozungusha mpini. Kumbe daktari alimkataza tangu mwaka juzi, naye aliendelea kutusagia kwa mkono kila Tata Ntambwe alipoomba, kwa sababu alimwona anavyofurahi. Iliniuma, na nadhani haikuniuma peke yangu.

Kinu chake kimeshapelekwa Dilala, na kingine cha umeme kimeagizwa. Mpaka kifike, kila mtu anajisagia, na Jumatatu hii wa kwanza alikuwa Tata Ntambwe mwenyewe. Alianza kwa mkono wa kulia, akahamia wa kushoto, akarudi wa kulia. Kikombe kilipojaa alikichukua kwa mikono miwili, akavuka ukumbi na kumpelekea Mama Kapinga. Tangu tumfahamu, Mama hakuwahi kusagiwa kahawa na mtu. Aliinywa yote, akasema imesagwa chengachenga.

Mama Kapinga, asante kwa kila asubuhi uliyotuamsha na kwa kila foleni uliyotufundisha kusimama kwa adabu, wakubwa kwa wadogo. Tunakutakia maisha mema, wateja wengi, na bega lililopumzika. Jumamosi tunakuja Dilala. Tata Ntambwe ameomba awe mteja wako wa kwanza, na amesema atakunywa ile ya courant.

Mechack Muteba, fundi umeme, kwa niaba ya wote