Wasifu wa Marehemu Libérata Murekatete, Aliyekataa Kipimo Chenye Kuyumba

Jumatatu alimpigia mama yake simu, akacheka, akaahidi kufika Bweremana kabla ya Jumapili. Amefika Ijumaa, ndani ya sanduku. Familia haijui iseme nini. Hata hivyo, maisha yaliyonyooka namna hii hayawezi kuzikwa bila kusimuliwa.

Marehemu Libérata Murekatete alizaliwa Bweremana, eneo la Masisi, tarehe 3 Mei 1980. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu Papa Sebarenzi na Mama Anastasie Nzabandora, wakulima wa migomba na maharagi. Akiwa bado mdogo alimsindikiza mama yake sokoni Shasha, na kazi yake ilikuwa moja: kuingiza mkono ndani ya gwigozi, kopo la maziwa linalopimiwa maharagi, ahakikishe kwamba muuzaji hakubonyeza kitako chake kwa ndani. Siku moja aliikuta imebonyezwa, akapaza sauti mbele ya wote: "Mama, hii gwigozi iko na tumbo mbaya!" Soko zima likacheka, muuzaji akafunga biashara mapema.

Alisoma shule ya msingi papa hapa, na sekondari katika sehemu ya biokemia, akapata diploma ya serikali mwaka 2000. Alisomea kilimo Bukavu hadi 2006, kisha akaenda Nairobi kujifunza kuchunguza jeni za mimea. Aliporudi alipewa kazi katika kituo cha utafiti, kwenye mradi wa kupambana na kirabiranya, ule ugonjwa unaonyausha migomba yetu na kuozesha ndizi kabla hazijakomaa.

Yeye na mume wake, Papa Muhindo Stéphane, mfanyabiashara wa Butembo mwenye duka Hombo, walifahamiana barabarani. Libérata aliomba nafasi ndani ya lori lake, akiwa amekumbatia sanduku la barafu.

"Docteur, umebeba nyama?" aliuliza Stéphane.

"Ni majani ya migomba."

"Majani! Na kwetu yako bure!"

Walifunga ndoa kanisani tarehe 17 Julai 2010, na lori likaendelea kubeba majani.

Mwaka 2019 mradi ulitangaza kwamba mgomba mmoja wa Hombo, upande wa Walikale, unajikinga na kirabiranya: ukiugua, jeni yake ya ulinzi inapanda sana. Machipukizi yake yalikuwa tayari kugawiwa Masisi. Libérata peke yake alikosa raha. Kupanda kwa jeni hupimwa kwa kuilinganisha na jeni nyingine ambayo haipaswi kubadilika, na hiyo huitwa jeni ya rejea. Wao walikuwa wameichukua moja kwa mazoea, kwa sababu wengine waliitumia, bila kuijaribu katika migomba yetu. Alipoijaribu, aliona kwamba katika majani yenye ugonjwa jeni hiyo yenyewe inashuka. Kipimo kilikuwa kimepungua, na kilichopimwa kikaonekana kimezidi.

Alisimama kikaoni akaomba ugawaji usitishwe.

"Mama Libérata," alisema mkuu wa mradi, "watu iko na njaa, na weye uko unapima kipimo?"

Ugawaji ulisitishwa, lakini nyumbani ilikuwa vibaya zaidi. Mdogo wake Hakorimana alikuwa ameshalima shamba la kupokea machipukizi hayo.

"Dada, njo weye unatunyima chakula, juu ya kitu yenye hatuonake na macho?"

"Kaka, Mama akikuta gwigozi imebonyezwa, ananunua?"

"Anamurudishia na matusi!"

"Basi, ile yetu ilikuwa imebonyezwa."

Hakorimana hakucheka. Alichukua jembe lake akatoka, na kwa muda mrefu hakumtembelea dada yake.

Libérata alijaribu jeni moja baada ya nyingine, katika majani machanga na makuukuu, mazima na yenye ugonjwa, ya baridi ya milima ya Masisi na ya joto la msitu wa Walikale. Mwaka 2021 alipata mbili zisizoyumba popote. Alipopima upya kwa hizo, ulinzi wa mgomba wa Hombo ulikuwa sawa na wa migomba mingine. Haukuwa na kinga yoyote.

Lakini Hakorimana alikuwa ameshapata chipukizi lake moja na kulipanda kwa siri nyuma ya nyumba. Mwaka uliofuata mgomba huo ukanyauka, na ukikatwa ulikuwa ukitoa usaha wa njano. Dada yake alipokuja, Hakorimana aliinamisha kichwa akingoja maneno.

"Sikuje kukuhukumu, kaka. Leta panga."

Libérata alilichoma panga kwenye moto wa jikoni kabla ya kugusa mgomba, na baadaye akalichoma tena, maana panga chafu hupeleka ugonjwa kwa jirani. Waling'oa pamoja, wakafukia pamoja.

Libérata hakuugua. Familia inatamani ingekuwa na siku hata moja ya kumuuguza. Jumanne tarehe 11 Julai 2023, huko Hombo, alikuwa akikata majani ya mgomba mwingine alioanza kuupima. Alisema, "Stéphane, kichwa inaniuma, ningojee kidogo," akaanguka. Alikata roho kabla ya kufikishwa hospitali. Daktari alisema mshipa ulipasuka kichwani. Lori lililobeba majani yake ndilo lililomleta.

Ameacha mume, Papa Stéphane. Watoto wawili, Astrid na Luc. Mama mzazi, Mama Anastasie. Na mdogo wake Hakorimana.

Leo, kwa desturi yetu, vijana walitumwa kukata migomba ya kupamba njia ya kaburi. Hakorimana aliwazuia mlangoni. Aliwasha moto uani, akapokea mapanga yao na kuyachoma yote kwa mkono wake, akilia, hakuruhusu hata moja kupita. Majani mnayoyaona hapa yamekatwa kwa mapanga hayo. Mliokuja na yenu, moto bado unawaka. Msirudi mashambani kabla ya kuyapitisha.

Libérata, dada mwenye haki, pumzika kwa amani.