Piesi Niliyoitoa Ndani ya Redio ya Mama

Mama na papa, ndugu zangu wa shirika letu la sala. Mara mbili niliombwa kusimama hapa kutoa ushuhuda, na mara mbili nikasema nina kikohozi. Sikuwa na kikohozi. Niliogopa. Leo nimesimama, na sitataja jina la mutu hata mumoja, ingawa wengine mutajitambua.

Munanijua kama fundi wa redio, mwenye atelye kule Birere. Bibi yangu wa ndoa, wengi wenu mulimujua. Alikuwa mutu wa Masisi, mwenye kucheka mpaka majirani wanauliza kuna nini. Mungu hakutupa mutoto, tulikaa wawili. Homa ilimushika siku ya kwanza ya juma, na kabla juma halijaisha tukamuzika. Niliporudi kutoka makaburini, nguo zake zilikuwa bado kwenye kamba. Sikuzitoa. Mvua ilizipiga, jua likazikausha, mvua ikazipiga tena.

Ninyi mulikuja. Mulileta ugali, mulileta mboga ya sombe, mulikaa uani na kuimba. Lakini watu walipoanza kurudi makwao, mimi nilibaki na ile nyumba, na sikujua kukaa ndani yake.

Wakati ule Muzungu mumoja mununuzi wa kahawa, mwenye kukaa Himbi, alikuwa anafunga vitu vyake arudi Ulaya. Aliniita nitengeneze televizio yake. Nilipomaliza akanionyesha kitu kama mashini ya dactylo, ile ya kuandikia barua, lakini haina karatasi. Akasema: “Hii ni ordinatere, kompyuta. Inakaa nyumbani, unaifunga kwa televizio, unaipa kazi kwa kasete. Imezeeka na imekufa. Kama unaitaka, chukua pamoja na hii televizio.”

Nikaichukua. Ndugu zangu, nawaambia ukweli, siku ile nilifurahi kwa mara ya kwanza tangu kilio. Nilifikiri nimepata mashini. Kumbe nilipata pahali pa kujificha.

Kwanza sanduku lake la umeme lilikuwa limeungua. Nikalitengeneza, juma mbili. Halafu herufi nusu hazikuandika, unabonyeza A inanyamaza. Nikakata karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara, nikabandika chini ya kila herufi, moja moja. Halafu kasete. Ile kasete unaiweka, inalia kama mutoto wa mbuzi, unangojea, unangojea, na karibu na mwisho televizio inakuandikia neno moja tu: *Erreur*, ni kosa. Unarudisha mwanzo. *Erreur*. Siku nzima inapita hivyo, na wewe mwenyewe unasema bado kidogo, bado kidogo.

Mulipogonga mulango, nilisema: “Niko na kazi.” Kweli nilikuwa nayo. Mama mumoja wa hapa aliniambia kupitia dirishani, “Papa fundi, fungua tu, hatutakaa sana.” Nilizima sauti ya kasete, nikanyamaza mpaka akaenda. Mashini haikuniuliza kama nimekula. Haikunitajia bibi yangu. Ndiyo sababu niliipenda.

Hata ilipokubali kusoma kasete, nafasi yake ya kukumbuka ilikuwa ndogo. Unaandika kidogo tu, inasema imejaa. Nikamwandikia yule Muzungu barua, nikimuomba anitafutie kile kisanduku cha kuiongezea memwari. Miezi ikapita. Siku moja mutu wa posta akaniita: “Citoyen, kuna furushi lako!” Nikakimbia kama mutoto. Nikalifungua palepale. Meno ya kisanduku hayakulingana na meno ya mashini. Kilikuwa cha aina ingine. Mutu mwenye akili angekiweka pembeni. Mimi nikakata meno, nikaunganisha waya moja moja kwa kukisia. Nikawasha. Nikasikia *pa!*, na moshi ukatoka. Kondensatere yake, ile piesi kubwa ya kutunza umeme, ilikuwa imepasuka.

Nikatafuta ingine soko zima. Nikawatuma madereva wa Kigali na wa Kampala. Hakuna.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo aibu yangu iko.

Kulikuwa na mama mumoja mwenye kuuza sambaza, wale samaki wadogo, kule Kituku kando ya ziwa. Alikuwa ameniletea redio yake kubwa ya umeme. Kosa lake lilikuwa dogo, waya ulikatika kwenye kipaza sauti. Kazi ya nusu saa. Nilipoifungua nikaona ndani yake ile kondensatere, ukubwa uleule. Nikaitoa. Nilijiambia nitaazima tu, nitarudisha. Mama akaja kuuliza, nikamuambia, “Piesi haijafika, mama.” Akaja tena. “Piesi haijafika.” Akasema, “Papa fundi, niko na kaka yangu mugonjwa Bukavu. Ile redio ndiyo masikio yangu.” Nikamuambia avumilie.

Na kweli mashini ilipona. Ilikuwa saa nne ya asubuhi. Televizio ikatulia, kasete ikasoma mpaka mwisho bila kosa, maneno yakatokea meupe, safi. Nikageuka kumuonyesha mutu. Hapakuwa na mutu. Nilisimama pale atelye na kidole kikionyesha televizio, nikaona ninamuonyesha bibi yangu.

Nilikuwa bado nimesimama hivyo wakati yule mama aliingia. Kichwa chake kilikuwa kimefungwa kitambaa cha kilio.

“Papa fundi, kaka yangu wamemuzika.”

“Lini, mama?”

“Juma lililopita. Walitangaza kwa redio siku mbili, asubuhi na jioni. Mutu wa mashua ndiye ameniambia leo. Ningepanda mashua, ningefika. Ningemuona uso.” Halafu akasema, pole tu, bila kunishitaki: “Ile piesi imefika?”

Ndugu zangu, hakujua. Hakuna mutu aliyejua. Ningesema “bado”, angeenda. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini nilimuangalia miguu, imejaa magamba ya samaki, ametoka Kituku kwa miguu, na neno halikutoka.

Nikazima mashini. Nikaifungua mbele yake, nikashika chuma cha kulehemu, nikaitoa ile kondensatere. “Mama, piesi yako ni hii. Nilikuibia. Redio yako ingepona siku ileile uliyoileta.”

Alikaa kwenye kiti mpaka nilipomaliza kuirudisha na kuunga ule waya. Redio ikaimba. Akaizima, akaibeba kichwani. Akatoka, hakugeuka nyuma.

Siku mbili sikufungua atelye. Siku ya tatu nilienda kwake, kwenye matanga. Nilisimama kwenye lango, sikuthubutu kuingia. Muzee mumoja akauliza, “Huyu siye yule fundi?” Watu wakageuka. Yule mama akatazama, akasema: “Mumuache aingie. Akae.”

Nikakaa chini. Baadaye akaja mbele yangu, akaniambia maneno haya, siyasahau: “Bibi yako alipokufa, mimi nilikuja kwako mara nne. Ulinifungia. Mimi sikufungii. Lakini usifikiri nimekusamehe leo.”

Hapo nililia. Nilimulilia kaka yake ambaye sikumujua, halafu nikamulilia bibi yangu, na sikuweza kunyamaza. Mama wawili walinishika mabega. Niliporudi nyumbani kesho yake, nilitoa nguo kwenye kamba. Zilikuwa zimechanika. Nikazifua, nikazikunja.

Tangu siku ile, redio ya mutu ikikaa kwangu, mimi ndiye masikio yake. Asubuhi na jioni ninasikiliza matangazo ya misiba, ninaandika majina kwenye daftari, na nikisikia jina la ukoo wa mwenye redio, ninafunga atelye na kwenda kumuambia mwenyewe kwa mudomo wangu. Wengine wenu nimewafikia hivyo. Ile ordinatere iko ndani ya katoni. Siku ingine nikiwa na nafasi ninaifungua, ninahangaika nayo saa moja, ninaifunga. Haijapona. Si kitu.

Upweke haukuisha, nisiwadanganye. Jumapili baada ya chakula nyumba inanyamaza vilevile. Lakini sasa ninatoka nje, ninakaa barazani, watu wanapita, tunasalimiana.

Ninawashukuru ninyi muliogonga nikawafungia, na mukarudi. Ninamushukuru yule mama aliyenikubalia kukaa chini kwake kabla hajanisamehe. Alinisamehe baadaye, kwa wakati wake, na yuko hapa leo. Na fundisho langu ni hili tu: mutu mwenye kufiwa akikuambia ana kazi nyingi, usiamini haraka.

Kuna papa mumoja wa shirika letu amezika juma lililopita. Jana nilimupitia, akaniambia kupitia mulangoni kwamba yuko na mbao nyingi za kupasua. Tukimaliza sala hapa, mimi ninaenda kwake. Sina la kumuambia, nitakaa tu. Mwenye kutaka kunifuata, tuende pamoja.