Dada Yetu na Friji ya Insulini

Waombolezaji wenzangu, familia imenipa mimi, mdogo wake wa mwisho, kazi ya kuwasomea wasifu wake, ingawa marehemu mwenyewe alizoea kuniita Redio na kuniambia nipunguze sauti.

Dada yetu alizaliwa tarehe 4 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkunga, akasoma shule ya msingi jirani na nyumbani, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1984 akahitimu chuo cha famasia na kuajiriwa katika stoo ya dawa ya hospitali, alikodumu hadi kustaafu. Mwaka 1987 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi umeme, wakajaliwa mabinti wawili.

Kazini alikuwa na ugonjwa mmoja, hofu ya dawa kuisha, kwa kuwa akiwa bado mgeni aliwahi kumrudisha mama mmoja mikono mitupu, insulini ya mwanawe ikiwa imekwisha. Tangu hapo likizo hakuijua, na kwenye harusi ya binti yake mkubwa, keki inakatwa, yeye yuko kwenye simu na watu wa stoo.

Mwaka 2015 ilikuja kompyuta ya kuhesabu dawa na kuziagiza yenyewe zikipungua, dada hakuiamini hata kidogo, na kila mzigo ulipofika akawa anachomoa maboksi ya insulini kabla hayajasajiliwa na kuyaficha ndani kabisa ya friji, nyuma ya chanjo. Nayo kompyuta, maskini, ikiangalia inaona upungufu, inaagiza tena, hadi siku moja mlango wa friji ukagoma kufunga. Mfamasia mkuu alipoyatoa alicheka hadi akakaa chini, na dada, aliyedhani kazi imeota mbawa, akacheka naye, maboksi yakasajiliwa, ya ziada yakapelekwa hospitali nyingine kabla hayajaharibika. Wiki iliyofuata, baada ya kujionea kwamba kompyuta haisahau kuagiza, alichukua likizo, akaja kwangu, akalala mpaka mke wangu akawa anamchungulia kama anapumua, na kusema kweli familia nzima tulishusha pumzi.

Alistaafu mwaka 2021. Januari 2024 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akalazwa hospitali ileile, na kila asubuhi aliwauliza wauguzi kama dawa yake ya maumivu ipo. Tarehe 9 Juni mfamasia mkuu alikuja mwenyewe kumwambia kwamba kompyuta ilishaagiza na mzigo umeingia, dada akasema haya basi, acha nilale, na mchana ule akafariki bila maumivu. Tumelia sana, lakini mioyo imetulia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliowapa wageni wetu vitanda vyao, na wenzake wa stoo.

Dada, dawa ipo, na leo hakuna wa kukupigia simu, pumzika kwa amani.