Riwaya Tuliyoigawa Vipande Vitano

Mheshimiwa Afisa Elimu, mgeni wetu rasmi; Mwenyekiti wa mtaa, ambaye nilimshonea makochi ya harusi na mpaka leo yanakalika; Mwalimu Mkuu; Dada Mkutubi, mwenye chumba hiki; wazazi wenzangu wa kamati; ndugu wageni waalikwa; na nyinyi vijana mliomaliza shule mkajibanza mstari wa nyuma mkidhani macho yangu hayafiki huko: nawasalimu wote, kila mtu kwa ngazi yake.

Nina miaka themanini na miwili. Nimewazika kaka zangu wote, nimezichosha cherehani tatu za chuma, nimeona kiwanda cha sponji kikifunguliwa kwa tarumbeta na kufungwa kimyakimya, na yule daktari aliyenikataza chumvi, akasema nisipomsikiliza nitatangulia, nilihudhuria mazishi yake nikiwa nimevaa koti hili hili. Shule niliiacha mapema, au tuseme tuliachana. Nasoma kwa kidole, polepole, lakini ninachokisoma hakinitoki. Na kwa makochi, semeni ukweli, nani katika mji huu ananifikia? Basi nikisema neno, naomba lisikilizwe.

Mheshimiwa, kabla hujakata utepe wa maktaba hii, tazama ile rafu ya pembeni iliyofunikwa kitambaa. Kitambaa ni changu, kizuri, hakichuji. Chini yake kuna riwaya za vijana waliokutwa na shida: mtoto aliyefiwa, mtoto aliyefukuzwa, mtoto anayelea wadogo zake. Kamati yetu ya wazazi, ambayo mwenyekiti wake ni mimi, ilikuandikia kwamba vitabu hivyo viondolewe, kwa kuwa vinaharibu watoto. Nawe ukajibu, kwa busara, kwamba utatusikiliza leo ndipo uamue. Mimi nimesimama hapa kukuambia kwamba tulikosea, na nitakueleza tulivyokosea, maana kosa lenyewe si la kawaida.

Tulipewa kitabu kimoja tukikague. Kimoja tu, na sisi watu watano. Mimi na kidole changu, dereva wa lori, mwuza nyama, mama mshonaji wa mtaa wa pili, na kinyozi. Sasa mnifahamu: karakanani kwangu kochi moja hupita mikono mingi. Huyu mbao, yule springi, mwingine sponji, mwingine kitambaa. Jioni kochi limesimama. Nikawaambia wenzangu, kwani kitabu kina nini cha ajabu? Nikatoa kisu changu cha kukatia sponji, nikafumua mshono wa mgongoni, taratibu kabisa bila kuchana hata karatasi moja, nikagawa vipande vitano. Kila mtu akaenda na chake.

Msicheke. Kazi ilikuwa safi.

Tulipokutana, dereva akasema, "Mzee, hiki kitabu kinatukana akina baba. Baba gani anauza kitanda cha watoto akanywe pombe?" Mwuza nyama akadakia, "Hicho ni kidogo. Kwangu binti anaiba mkate dukani, tena hashikwi! Mtoto akisoma hivi, atakuja kuniibia maini." Mama mshonaji akasema kwake binti anamdanganya mwalimu macho makavu. Mimi kwangu kulikuwa na mvua, nyumba inavuja, mama anakohoa, nikasema kinachosha. Kinyozi tukamwuliza, "Wewe je, mwisho ulikuwaje?" Akasema, "Mbaya! Mbaya sana! Sitaki hata kusimulia." Basi tukakubaliana wote. Sasa niwaulize, ndugu zangu: mtu aliyeshika mguu wa kochi, na mwingine aliyeshika mto, wanaweza kukuambia kama linakalika?

Nikarudisha vile vipande hapa. Dada Mkutubi aliviona, akashika meza.

"Babu, kitabu kiko wapi?"

"Si hicho hapo."

"Hiki ni kitabu au ni mafungu ya nyanya?"

"Mwanangu, usipandishe sauti, mimi ni sawa na babu yako."

"Babu yangu hakati vitabu. Utakishona mwenyewe, na ukurasa ukipishana mahali, hutoki kwenye kamati hii na jina lako."

Mnamjua. Hata mimi, mkaidi niliyewashinda wakaidi wenzangu, nilivichukua nikaondoka.

Kukishona si kazi. Kazi ni kupanga. Namba za kurasa nyingi zilikuwa zimefutika kwa kushikwashikwa, hivyo ilinibidi nisome maneno ya mwisho ya ukurasa huu, nitafute ukurasa unaoyapokea. Kidole kikatembea. Nikaanza kwa kupanga, nikajikuta nasoma. Kumbe yule baba wa kwenye kipande cha dereva alikuwa amefukuzwa kazi kule kwenye kipande changu, kwenye mvua, na mimi nilipita nisione. Kumbe mkate ulioibwa kwa mwuza nyama haukuliwa na aliyeuiba. Ulikwenda kwa wadogo zake wawili. Kumbe uongo wa kwa mama mshonaji ulikuwa ni kumficha mama mgonjwa, ili watoto wasitawanywe.

Nikafika kipande cha kinyozi. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Huyu wetu hata kusoma hasomi. Karatasi zilikuwa safi, hazina kunjo, hazina alama ya kidole, zina nywele tu. Hakuna mtu wa kamati aliyekuwa amezisoma. Na humo ndimo mlimokuwa na jambo lililonihusu mimi.

Humo, binti anahamia kwa babu yake. Kila asubuhi anaondoka na begi, kila jioni anafua sare yake na kuianika kwenye kamba mbele ya dirisha la mzee. Babu anaiona, anafurahi, anajisifu kwa majirani. Kumbe shule binti hajakanyaga. Anafua sare safi ili mzee aione imelowa.

Nikainua macho. Mbele ya dirisha la karakana yangu, kwenye kamba, palikuwa na sare ya mjukuu wangu.

Mama yake, binti yangu, alikuwa amelazwa hospitali, na mtoto alikuwa anakaa kwangu. Nilitoka nikaishika ile sare. Mimi nimeshika vitambaa maisha yangu yote. Najua kilichofuliwa kwa uchafu na kilichofuliwa kwa mazoea. Kola haina jasho. Mkono hauna wino. Sketi haina chaki wala vumbi la uwanjani.

Damu ikanipanda, nikafungua mdomo nimwite kwa ile sauti yangu mnayoijua, ambayo imewahi kumkimbiza mbwa wa watu. Lakini kidole kilikuwa bado ndani ya kitabu. Kule kitabuni yule babu alipiga kelele kwanza, akauliza baadaye, na alipouliza hapakuwa na wa kumjibu. Binti alikuwa ameshachukua begi lake. Nilisimama pale kambani, mdomo wazi kama samaki. Kisha nikaufunga. Waliokuwepo wanasema hawajawahi kuliona jambo hilo.

Karakanani tuna desturi. Mteja akileta kochi bovu, hatulifumui. Tunamwambia alikalie kwanza, tumtazame anaegemea upande gani, anainua bega lipi, kwa kuwa yeye atasema springi ni mbovu na kumbe mbao ndiyo iliyopasuka. Basi mjukuu alipotoka ndani na begi lake nikampisha kwenye kochi la mteja.

"Keti, mama."

"Nimefanya nini, Babu?"

"Nimesema umefanya kitu? Keti tu."

Akakaa ukingoni, begi mapajani, kama abiria anayengoja kuteremka. Mimi nikaendelea kutia uzi kwenye sindano. Sikumtazama. Nikasema, "Sare yako haichafuki siku hizi."

Akalikumbatia begi. Kisha akasema, "Mama hawezi kushika kijiko, Babu."

"Si mama yako mdogo yuko naye?"

"Alipata kazi. Haendi mchana tena. Wauguzi ni wachache, wanaacha sahani pale mezani wanaondoka. Nilimkuta supu imepoa, yeye anaiangalia tu. Ndiyo maana naenda mimi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungepiga kelele."

"Nani? MIMI?"

Mafundi wangu wote walicheka, na yeye akacheka huku analia, na mimi nikajifuta macho nikasema ni vumbi la sponji.

Kuanzia hapo mchana wa binti yangu tuligawana. Hilo ndilo jambo la kugawana, si kitabu. Mimi siku zangu, mama mshonaji siku zake, dereva akiwa hana safari. Mwuza nyama alileta mifupa ya supu, akisisitiza kwamba haimaanishi amekubali habari ya mkate. Mimi, fundi mkuu, nimejifunza kulisha mtu kwa kijiko bila kumwaga, na nasema bila woga kwamba wauguzi walikuja kutazama ninavyofanya. Binti yangu sasa yuko nyumbani, anatembea kwa kushika ukuta.

Mheshimiwa, tuliogopa kwamba mtoto akisoma shida atajifunza shida. Mjukuu wangu kile kitabu alikuwa hajakisoma. Shida alijifunzia wodini. Aliyekuwa hajui kitu ni mimi, niliyelala naye nyumba moja. Nimemwuliza juzi, alipokwisha kukisoma, amepata nini humo. Akasema, "Nimejua si mimi peke yangu niliyefua sare safi." Ni maneno ya mtoto wa miaka kumi na mitano. Nimekaa nayo, sijapata ya kuyazidi, na mnajua mimi huwa sikosi.

Kwa hiyo ile barua ya kamati, mimi niliyeitia sahihi naifuta mbele ya macho yenu. Naomba rafu ibaki, watoto waikute wazi, na wazazi nao wachukue kitabu kimoja kimoja, kizima, mpaka mwisho. Mwisho wa kile chetu siwaambii. Nimekishona kwa uzi wa makochi. Hata mkikivuta na lori hakiachani. Kitambaa nakuachia wewe, Mheshimiwa, ukiondoe kwa mkono wako.

Anayedhani mzee ametia chumvi, mashahidi wapo. Dada Mkutubi yule pale, mwulizeni habari za kisu. Dereva, mwuza nyama na mama mshonaji wako mstari wa pili. Kinyozi naye yupo, ila msimwulize habari za mwisho wa kitabu, mtamtesa. Na shahidi wangu mkubwa, mjukuu, alitamani sana kuja kunisikia, akaomba ruhusa tangu juzi. Nimemkatalia. Saa hii yuko darasani.

Nawashukuru kwa subira yenu na kwa masikio yenu.