Sufuria ya Vibanio

VERNA: Haloo? Nani mwenzangu?

ARDIS: Dada, ni mimi.

VERNA: Nani? Ongeza sauti, laini inakoroma.

ARDIS: Ardis. Niko hospitali mjini, wauguzi wameniazima simu yao. Umeshindaje?

VERNA: Salama. Salama tu. Joanie wetu vipi? Nilimwomba mume wangu Elmer anipeleke huko, akasema hawaruhusu watu.

ARDIS: Hawaruhusu. Hata mimi mama yake namwangalia kupitia kioo. Wamemwingiza kwenye lile pipa la chuma la kupumulia, dada. Kimebaki kichwa tu nje.

VERNA: Ee Mungu wangu. Polio hiyo. Nilisema mimi, lile bwawa la kuogelea, Agosti nzima—

ARDIS: Ndiyo maana nakupigia. Daktari—

VERNA: —maji yamekuwa kijani, watoto wa mji mzima wamo humo—

ARDIS: Daktari hana uhakika kama ni polio.

(Mlio mdogo kwenye laini.)

ARDIS: Kuna jirani kanyanyua simu. Hii laini yenu ya pamoja! Bi Hulda, ni wewe?

VERNA: Mwache. Ukimwambia aweke chini, ndiyo kwanza anavuta kiti. Daktari anasemaje?

ARDIS: Wa jana alisema polio, akaenda zake. Leo kaja mwingine, mtu mzima, akauliza homa iko wapi. Joanie hana homa. Akauliza ugonjwa ulianzaje. Nikamwambia ulianzia machoni. Alikuwa mezani, akacheka, akasema, mama, leo mko wawili. Nikadhani utani wake. Baadaye kope zikalegea. Ulimi ukawa mzito. Akinywa maji yanatokea puani.

VERNA: Puani.

ARDIS: Puani. Sasa huyu daktari ananiuliza, mtoto alikula nini ambacho ninyi wengine hamkula?

VERNA: Subiri ninywe maji kidogo. Koo limekauka. (anakohoa) Yamenipalia.

ARDIS: Pole. Mbona unaongea kama una kiazi mdomoni?

VERNA: Sijalala tangu nisikie habari zake. Kula, kula nini? Jumapili kanisani tulikula wote. Kuku wa Bi Lindqvist, mkavu kama kawaida yake. Tambi za jodari. Na ile jeli ya limau yenye karoti, sijui ni nani asiyechoka kuileta.

ARDIS: Ni mimi.

VERNA: Basi utanisamehe.

ARDIS: Na saladi yako ya maharage machanga.

VERNA: Saladi yangu ina kosa gani? Maharage, kitunguu, siki, sukari. Kila maonyesho ya wakulima inaondoka na utepe wa buluu wa ushindi, muulize yeyote.

ARDIS: Jumapili hakuna aliyeigusa. Watu walikuwa wameshajaza sahani viazi. Nilikuona unavyoliangalia lile bakuli, dada, uso umekushuka. Nikamwambia Joanie, nenda kachote ya mama mkubwa, tena uchote ya kutosha, asivunjike moyo. Mimi ndiye niliyemtuma.

VERNA: Alisema ni tamu.

ARDIS: Alisema. Akamaliza yote. Dada, yale maharage, ulipoyasindika kwenye chupa, ulitumia sufuria ya presha? Ile niliyokuletea Krismasi?

VERNA: Nilishakwambia. Sufuria nzuri sana.

ARDIS: Ndivyo ulivyoniambia. Daktari anataka hakika. Anasema maharage ya kuchemsha kwa maji tu, bila presha, yanaweza kutengeneza sumu humo humo kwenye chupa. Haina harufu, haina ladha. Ukiyapika tena vizuri inakufa, lakini saladi inaliwa baridi.

VERNA: Mama tangu aumie alirudia maji ya kuchemka mpaka tunamzika. Nani alikufa?

ARDIS: Sikukuuliza habari za mama.

(Mlio. Mlio mwingine.)

VERNA: Mbona sauti yako inazama?

ARDIS: Wameingia wengine. Kila anayenyanyua anatupunguzia sauti. Jamani, majirani, mwanangu yuko taabani. Wekeni simu chini.

(Hakuna anayeweka.)

ARDIS: Sikiliza, dada. Kama ni sumu, dawa ipo. Iko Minneapolis, itakuja na gari la polisi. Lakini imetengenezwa kwa damu ya farasi, na yenyewe inaweza kumuua mtoto, kwa hiyo daktari hataki kubahatisha. Amesimama hapa mlangoni. Anangoja neno lako.

VERNA: Wote hawa wanasikia.

ARDIS: Wasikie.

VERNA: Wote hawa nimewapa chupa zangu, Ardis. Hakuna nyumba kwenye hii laini ambayo—

ARDIS: Presha au maji?

VERNA: Nilikwambia ni nzuri sana—

HULDA: Verna. Mweleze habari ya vibanio.

ARDIS: Nani huyo?

HULDA: Ni mimi, mwanangu, Hulda. Nisamehe kwa kusikiliza. Verna, nilikuwa kwako tukianika nguo. Mweleze, au nitamweleza mimi.

VERNA: Weka simu chini, Hulda.

HULDA: Siweki.

ARDIS: Vibanio gani?

VERNA: Vya nguo. Naweka vibanio vya nguo humo. Kwenye sufuria yako.

ARDIS: Unasemaje? Sauti haifiki.

VERNA: Nasema sikuitumia.

ARDIS: Dada, sikusikii. Sema kwa nguvu.

VERNA: Sikuitumia! Haijaona moto hata siku moja! Niliyachemsha kwa maji, kwenye sufuria kubwa ya mama, kama ninavyofanya siku zote!

(Upande wa Ardis, hatua za mtu zinaondoka mbio.)

VERNA: Kile kifuniko cha sufuria ya presha kilipomruka mama usoni, wewe ulikuwa mchanga, umelala kwenye kikapu. Mimi ndiye niliyemfuta ule uso. Nikisikia sufuria ya presha inaanza kutetemeka natoka nje, nasimama uani kama mwehu. Nikaona aibu kukwambia. Ulikuwa umefurahi sana siku ile uliponiletea.

ARDIS: Ungeniambia, dada. Ningeirudisha dukani, tungecheka.

VERNA: Najua.

(Mlio. Mlio. Mlio. Laini inasafika.)

ARDIS: Wanaweka.

HULDA: Wanakimbilia stoo zao. Mimi niko.

ARDIS: Daktari amekwisha kusikia, anaita Minneapolis. Nami nakwenda kwenye kioo changu. Kwaheri, dada, nitakupi— ngoja. Nani mwingine aliila? Elmer?

VERNA: Elmer tangu lini akala saladi? Nyingine yote ilirudi nyumbani, nikawamwagia nguruwe. Hakuna mwingine.

ARDIS: Una hakika?

VERNA: Mimi nilionja tu.

ARDIS: Ulionja.

VERNA: Kwani kuna mpishi asiyeonja? Nikifungua chupa lazima nionje. Kijiko kimoja kuangalia chumvi, kimoja kuangalia sukari.

ARDIS: Dada, tangu upokee simu ulimi wako ni mzito. Nilidhani umelia.

VERNA: Nimelia.

ARDIS: Na maji yakakupalia. Hebu angalia hapo ukutani, mbele yako. Unaona simu ngapi?

VERNA: Nenda kwa mtoto, Ardis.

ARDIS: Ngapi?

VERNA: Dawa ikija kidogo ni ya Joanie. Umwambie huyo daktari. Umenisikia?

ARDIS: Usinifanyie hivyo. Nijibu.

VERNA: Nimekuuliza, umenisikia?

ARDIS: Nimekusikia. Bi Hulda? Bi Hulda, bado upo?

HULDA: Nimekwisha vaa viatu. Verna, Elmer yuko wapi?

VERNA: Shambani na trekta, hatasikia. Usipoteze muda kumwita.

HULDA: Kaa chini ulipo. Usinyanyuke, usinywe kitu. Nakuja na gari, tunakwenda mjini.

ARDIS: Dada, nakungoja hapa mlangoni. Umesikia? Nakungoja.

VERNA: Hulda, pitia jikoni, hakujafungwa. Ule mlango wa kushoto. Hapana. Pitia wowote. Ni mmoja tu, najua ni mmoja.