Radhiya Wakil Usi, Aliyepima Mifupa ya Watoto

Marehemu Radhiya alizaliwa Mkokotoni tarehe 9 Machi 1983, binti wa Mzee Wakil Usi, naye ametangulia mbele ya haki, na Bi Kazija Mjaka. Udogoni babu yake alimwita "Mbona", maana kila alichoambiwa alijibu, "Mbona?"

Alisoma msingi Mkokotoni na sekondari mjini, akikaa kwa shangazi yake Michenzani. Mwaka 2004 alikwenda Dar es Salaam kusomea upigaji picha za mionzi, akarudi kufanya kazi hospitali. Mwaka 2009 aliolewa na Bwana Abdulwahid Msabah wa Amani.

Tangu 2022 alikuwa kwenye utafiti wa kupima uimara wa mifupa ya watoto kwa mashine maalumu. Watoto wetu walikuwa wakilinganishwa na watoto wa nchi nyengine, naye akauliza, "Mbona wetu hawana kipimo chao?"

Januari mwaka huu wa 2025, mtoto Ilham kutoka Fumba aligoma kupanda kitandani pa mashine.

"Haichomi?"

"Haichomi, mwanangu. Wala haikugusi."

"Basi lala wewe kwanza."

Radhiya akacheka, akavua bangili, akalala. Mwenzake, Bi Thuwaiba, akampiga picha. Ilham akaridhika, akapimwa, akenda zake. Ndipo Thuwaiba alipoitazama vizuri ile picha ya kwanza.

"Radhiya, hebu njoo."

"Hii si yangu."

"Yako, dada."

Pingili mbili za uti wa mgongo zilikuwa zimeliwa. Maumivu ya mgongo aliyadhania uchovu wa kuinua watoto, kumbe ni saratani iliyoanzia kwenye titi. Mumewe alimuuliza, "Wewe na hospitali ni kitu kimoja, imekuwaje?" Akajibu, "Nlikuwa nkitazama mifupa ya wenzangu."

Alitibiwa Dar es Salaam, akaonekana kupata nafuu. Ijumaa tarehe 16 Mei asubuhi alikunywa uji, akamsuka nywele bintiye, akalalamika kuwa uji hauna sukari. Watu wanarudi msikitini, hayupo tena duniani. Mama yake, Bi Kazija, alipofikishwa Amani na kuona viatu vimejaa mlangoni, aliuliza, "Nani kafa humu?"

Alizikwa Mkokotoni siku ya pili yake. Ameacha mama, mume, watoto wawili, Tabia na Yussuf, na kaka mmoja, Hamid, aliyepewa kazi ya kuyasoma maneno haya na ambaye hadi sasa hayaamini.

Mola amrehemu, ampe mapumziko ya amani. Amin.