Sekunde Nane za Debra

Kijiwe chetu pale Nyamasaria kina benchi ambalo zamani lilikuwa ubao wa goli la hoki. Mipira ililigonga miaka na miaka mpaka likajaa vishimo, na ukikaa vibaya unavihisi vyote. Jumatano ile alasiri tulilikalia wanaume wanne, mama Kageha mwuza kahawa akitumiminia vikombe, na kazi iliyokuwa mbele yetu haikuwa ndogo. Timu yetu ya wasichana, Mbuta, ilikuwa imeshindwa tena kwenye mtoano kule Nairobi, mwaka wa nne mfululizo, na kamati ya klabu ilitaka maoni ya mashabiki kwa barua kabla ya saa kumi na moja: Debra, mshambuliaji wetu, abaki au aachwe. Mimi naitwa Katibu kwa sababu ya mwandiko wangu tu, basi kalamu ilikuwa kwangu.

Fainali ya Jumapili ilikwisha kwa sare ya bao moja kwa moja, ikabidi iamuliwe kwa mapigo. Katika hoki mchezaji huanzia mbali na mpira wake, yeye na golikipa peke yao, na ana sekunde nane tu za kufunga. Debra alikuwa wa mwisho. Alikimbia vizuri, akamfikia golikipa, akasimama. Hakwenda kulia wala kushoto. Alisimama na mpira kwenye gongo mpaka kipenga kikalia, na sisi huku Kisumu tukabaki tumeshika vichwa.

Wa kwanza kufungua kikao alikuwa Walubengo. Tunamwita Profesa, maana alilinda geti la chuo huko Maseno miaka kumi na moja, na anasema elimu yote ilikuwa ikipita mbele yake kila asubuhi.

— Hii ni shida ya akili, bwana. Si miguu. Miguu wako nayo. Roho ndiyo laini kama mandazi kwa chai.

— Labda ni bahati mbaya tu, Kageha akasema.

— Mara nne? Mama, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hoki ni mchezo wa kuinama. Hawa wasichana wameinama miaka nne, na hiyo cha mvunguni hatujaiona.

Kageha alimwambia methali hiyo haiendi hivyo. Profesa akamjibu kwamba methali huenda pale mwenyewe anapoipeleka, kisha akatufunulia ugunduzi wake: tatizo la watu wa ziwa ni samaki. Samaki huongeza akili, na akili nyingi ndiyo humfanya mtu aanze kufikiri wakati wa kupiga. Debra alishwe mboga ya sukuma peke yake wiki mbili, akili ipungue, atafunga. Yeye Profesa alikuwa ametimiza wajibu wake. Asubuhi ya fainali alimpigia Debra simu, akamwonya asiguse samaki, hata ngege mmoja, na akamwambia apige kulia.

— Na akasimama, Profesa akamalizia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Hapo Amolo akainua mkono. Huyu tunamwita VAR, kwa sababu hakuna jambo lililowahi kuamuliwa kijiweni bila yeye kutaka lirudiwe.

— Omera, wacha turudi nyuma kidogo. Mshawahi kubeba krisps kwa basi ya Nairobi?

— Mara mingi, Profesa akajibu.

— Mkifika huko juu mlimani Mau Summit, pakiti inakuwa aje?

— Inafura.

— Ero, ndiyo hiyo. Sasa kichwa ya mtu imetobolewa wapi? Si pia imefungwa? Hawa watoto wanatoka huku chini kwa ziwa kichwa ikiwa sawa. Wakifika huko juu, ubongo imefura, haina nafasi ya kugeuka. Ndio maana alisimama.

Hoja hiyo ilitushtua kweli. Profesa alijishika kichwa, akakumbuka kwamba hata masikio yake huziba palepale. Mimi nilitaka kucheka lakini nikajikuta nikiiandika. VAR akatujulisha kwamba yeye naye alimpigia Debra siku hiyo, saa moja kamili, msichana akiwa anapiga mswaki. Alimwambia atafune chingamu ili kichwa kipumue, na apige kushoto.

Aliyebaki ni Ravinder, mwenye duka la misumari na rangi, ambaye jina lake la kijiwe ni Kona Fupi. Baba yake alicheza hoki mji huu na akafunga bao moja la kona fupi, ile adhabu ya karibu na goli, ambalo tumesimuliwa mara nyingi kuliko tulivyoimba wimbo wa taifa. Ndiye angeipeleka barua kwa kamati, kwa hiyo aliongea kwa uzito.

— Nyinyi mnasema samaki, mnasema krisps. Roho inafundishwa. Peleka timu yote ufuo wa Dunga asubuhi, weka mpira karibu na kiboko, ambia kila mtu achukue. Msichana amekimbizwa na kiboko ataogopa golikipa kweli?

— Na kiboko akimshika? VAR akauliza.

— Huyo hakuwa mchezaji wa fainali.

Tulicheka mpaka vikombe vikamwagika. Kona Fupi hakucheka. Alisema asubuhi ile alimpigia Debra akamfundisha kama baba yake alivyomfundisha yeye: asiende kulia, asiende kushoto, angoje golikipa alale kwanza.

— Nilimwambia, mtoto wangu, haraka haraka haina baraka.

— Na ana sekunde nane, Kageha akamkumbusha.

— Sekunde nane ni mingi kama roho imetulia.

Msione tunacheka mkadhani hatukuumia. Jumapili ile sikula, na mke wangu aliponiuliza kama kuna msiba nikamwambia upo. Naipenda Mbuta vibaya. Ndiyo sababu, mikono mitatu ilipopanda kutaka Debra aachwe, wangu nao ulipanda, nikaandika kwa herufi nzuri kwamba kijiwe cha Nyamasaria kinamwona ana roho nyepesi. Nilijua maana yake. Huku kwetu hakuna timu nyingine ya wasichana inayocheza ligi. Akiachwa na Mbuta, hoki yake inaishia hapo, na ana miaka kumi na tisa.

Wakati huo alikuwa amekuja msichana mrefu mwenye begi kubwa mgongoni, akaomba kahawa, akakaa mwisho wa benchi. Hakuna aliyemfahamu. Profesa, ambaye hapendi mgeni aondoke bila elimu, alimweleza habari yote tangu samaki hadi kiboko. Msichana alisikiliza kwa adabu, akanywa, akaweka kikombe chini.

— Wazee, naweza kuuliza kitu?

— Uliza, dada. Hapa ni chuo.

— Asubuhi ya fainali, nani kati yenu hakumpigia Debra simu?

Tukatazamana. Kona Fupi alianza kuchunguza kidole chake. Hata Kageha, aliyekuwa upande wa Debra tangu mwanzo, aligeukia birika lake, kwa maana yeye naye alikuwa amempigia Debra wasali pamoja.

— Kwani wewe ni nani? Profesa akauliza, na sauti yake haikuwa ya chuo tena.

— Mimi ni Nekoye.

Nekoye ni golikipa wa Mbuta. Miaka minne tumelipigia kelele jina lake, na hatukuwahi kuijua sura yake kwa sababu ya ile kofia ya golikipa. Niliona aibu mpaka masikio yakanichoma.

Alituambia bila kukasirika kwamba Nairobi alilala chumba kimoja na Debra. Simu zilianza kabla ya saa kumi na mbili. Zilikuwa kumi na moja, na Debra alizipokea zote akiwa amesimama, ndio baba, asante mzee, kwa sababu hakulelewa kuwakatia wakubwa simu.

— Nilimuuliza pale aliposimama aliona nini. Akaniambia hakumwona golikipa. Alikuwa anawasikia nyinyi. Mmoja kulia, mmoja kushoto, mmoja ngoja. Na kuna mmoja alimwambia asifikirie mwaka jana.

Huyo wa mwaka jana nilikuwa mimi. Nilikuwa nimejiona mwenye busara kuliko wote.

Kona Fupi akaichukua barua, akaisoma polepole, akanirudishia. Niliikunja mara nne, nikaipasua.

— Sasa kamati niwaambie nini? akauliza.

— Waambie abaki, nikasema. Waambie kijiwe ndicho kilichokosea.

Nekoye alishukuru kwa kahawa, akaning'iniza begi lake begani, akaelekea uwanjani, kwani Debra alikuwa akimngoja wafanye mazoezi. Alipofika mbali kidogo, Kageha akasema kwa sauti ndogo kwamba ingefaa mtoto huyo aombwe msamaha. Tukakubaliana wote, kwa mara ya kwanza mwaka huu. Mikono minne ikaingia mifukoni kwa pamoja.

Niliwahi kubonyeza simu kuliko wenzangu, lakini namba ya Debra ilikuwa tayari inatumika, na Kageha alikuwa ametugeuzia mgongo, birika liko chini, simu iko sikioni.